Maandishi Chini ya Mashine

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga, ila hakuwa na mahali pa kuiweka. Jina lake Ambakisye, mkulima wa milimani Rungwe, aliyeuza ng'ombe wake wanne ili ainunue. Rafiki yake Asajile alikuwa na nyumba tupu ya matofali kando ya barabara, juu ya ardhi aliyoachiwa na baba yake. Walikuwa rika moja, wamekula sahani moja tangu utoto. Wakakubaliana mashine iingie katika nyumba ile, na kazi iwe ya wote wawili.

Kabla hawajaanza, Tumpe, binti wa jirani aliyesomea uwakili, aliwashauri wafanye mkataba. Waandike nani ameleta nini, na siku mmoja akitoka, kwa hiari au kwa kifo, kipi kiende na nani. Walimsikiliza kwa adabu, lakini Ambakisye aliumia moyoni. Aliona kuandikiana ni kushukiana, na kutaja kifo cha mwenzako kabla hata mkanda wa mashine haujazunguka ni kumwombea mabaya. Ajabu ya wanadamu: binti yake mwenyewe alipoposwa, Ambakisye aliitaja mahari ng'ombe kwa ng'ombe mbele ya umati, na hakuna aliyesema anawashuku wakwe.

Hata hivyo hawakutaka kumdharau binti wa watu. Siku fundi alipomwaga saruji ya msingi wa mashine, Asajile aliokota msumari akaandika maneno juu ya saruji mbichi, na Ambakisye akakandamiza kiganja chake chini ya maandishi, kiwe sahihi. Walicheka sana. Saruji ilipokauka, mashine ikakalishwa juu ya maneno hayo na nati zikakazwa. Mkataba ukawa mahali ambapo panya hawezi kuutafuna, wala mtu hawezi kuusoma.

Mashine ilisaga miaka kumi na mmoja. Wawili hao hawakugombana hata siku moja, na hilo lazima lisemwe, kwa maana watu hudhani mikataba ni ya wagomvi. Kisha Asajile akashikwa na homa, na kabla ya juma kwisha akazikwa.

Matanga yalipoondolewa, ndugu zake wawili waliokuwa wakiishi mbali walikuja. Walisema ardhi ni ya ukoo, nyumba imo ndani ya ardhi, na kilichofungwa kwa saruji ndani ya nyumba ni cha nyumba. Subilaga, mjane wa Asajile, aliwaambia wazi kwamba mashine aliileta shemeji yake Ambakisye. Wakamjibu kwamba hakuwepo saruji ilipomwagwa, na kweli hakuwepo. Shauri likafika baraza la kata, na wajumbe wakauliza kama kuna maandishi.

Ambakisye akasema yapo. Alisema kwa furaha, maana kwa miaka yote ile moyo wake ulikuwa ukiyaongeza maneno yale, hadi akaamini kila kitu kimo: ng'ombe wanne, nyumba, wajane na watoto. Lakini ili yasomwe, ilibidi mashine ing'olewe. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu. Wanaume sita waliinua kwa mitaimbo, na mguu mmoja wa chuma ukakatika, ufa ukapanda mpaka ubavuni. Fundi akatikisa kichwa. Ambakisye hakumtazama. Alipiga magoti, akafuta oili na unga kwa shati lake.

Tumpe, aliyeitwa kuwa shahidi, akasoma kwa sauti: Asajile na Ambakisye ni ndugu mpaka kufa. Chini ya maneno palikuwa na alama ya kiganja, na baada ya kiganja hapakuwa na kitu.

“Baba,” Tumpe alisema, “hapa mliandika mlivyopendana. Mtakavyoachana hamkuandika.”

Mzee akakiweka kiganja chake juu ya kile cha saruji. Kilikuwa bado kinaenea mle sawasawa. Akalia mbele ya watu, na hakulilia chuma.

Baraza likawapa ndugu nyumba, na Ambakisye likampa mashine yake iliyovunjika. Nyumba ile sasa ni ya popo, na mashine imelala uani ikinyeshewa. Subilaga hakupata hata kimoja. Siku za kusaga, yeye na Ambakisye hukutana njiani, kila mmoja na debe lake la mahindi, wakienda kwenye mashine ya kijiji cha pili. Husalimiana vizuri, maana hawana ugomvi wowote.

Nanyi mlioungana katika kazi, mnaoitana ndugu mbele za watu: maneno yenu mmeyaweka wapi, na mmoja wenu akifa kesho, nani ataweza kuyasoma bila kuvunja mlichokijenga?