Pepo Zito Atafuta pa Kukaa

Jamani, nigonge?
— Gonga!
Nikigonga mtanifungulia?
— Tutakufungulia!
Basi hodi, hodi, hodi.
— Karibu!

Sogeeni. Na wewe uliyelala huko nyuma, amka, mimi sirudii.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikiliza, palikuwa na pepo jina lake Zito. Hakuwa na pembe wala mkia. Alikuwa na makalio tu, makubwa ajabu, na kazi yake ilikuwa moja: kumkalia mtu kifuani. Lakini adabu alikuwa nayo. Haingii bila hodi, wala hakai pasipo nafasi. Kila mlango aliofika aliimba:

Mimi Zito, mwana wa Zito,
nimechoka kusimama,
nipisheni nikae.

Siku moja akapiga hodi kwa Bwana Shaali, tajiri mwenye mbuzi wengi hata wengine hakujua kama ni wake. Akaingia, akamkalia. Bwana Shaali akala pilau asione ladha. Akalala, hataki kuoga wala kusikia sauti ya mtu. Msidhani Zito anaogopa mali, haogopi.

Lakini mkewe alikaa pembeni yake na kikombe cha uji. Mpwa wake akapeleka mbuzi malishoni. Mganga akaitwa asubuhi, jioni akaitwa tena. Majirani wakafurika kumjulia hali, maana kwa Bwana Shaali hakuna aliyetoka na njaa. Zito akabanwa huku, akakanyagwa kule, mwisho akatoka anachechemea. Bwana Shaali akapona, akaanza kutamba kijiji kizima kwamba yeye alijikaza kisabuni tu.

Mwisho wa kijiji hicho aliishi Mize, mjane, msukaji wa mikeka. Leo akisuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu, kesho akiushona uwe mkeka, kesho kutwa apeleke mkeka sokoni, ndipo apate unga. Paa lilivuja. Mtungi wa unga ulikuwa mtupu. Alikuwa amekaa akiwaza mvua ikianza itakuwaje, mara akasikia hodi. Akafungua, maana hakuzoea kumwacha mgeni mlangoni.

“Karibu,” akasema, “kaa popote.” Nafasi ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi.

Zito akatazama huku, patupu. Akatazama kule, patupu. Akachungulia mtungini, mtupu. Akafurahi, akamkalia.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Zito hunenepa kwa utupu. Mize akaona mikono si yake tena, akiitazama miyaa, yale majani yake ya kusukia, anatokwa na machozi, na siku nyingine hata machozi hayaji. Asiposuka, hakuna unga. Unga ukikosekana, Zito ananenepa. Zito akinenepa, Mize hasuki. Na miyaa ikakauka pale ilipolazwa.

Akaja jirani wa kwanza, akamwambia ajikaze. Akaenda zake, na Zito akanenepa. Akaja jirani wa pili, akamwambia asiwaze sana. Akaenda zake, na Zito akanenepa. Akaja Bwana Shaali mwenyewe na bakora yake, akamshauri alale, apumzike, abadilishe hewa, kwani yeye alipona hivyohivyo.

“Nikilala, Bwana, nani atasuka?” Mize akauliza.

Bwana Shaali akachukua bakora yake akaenda zake, chakula chake cha mchana kilikuwa kinapoa. Mize akajifunika kanga gubigubi. Moyoni alishaamua kwamba kuamka hakuna haja tena.

Palikuwa na paka dume, Shume, mla kote kote. Kwa Bwana Shaali alikula nyama. Kwa Mize hakula kitu, panya wenyewe walishahama, ila alipenda kulala miguuni pake. Siku hiyo Shume akaenda barazani kwa Bwana Shaali, akamkuta anatamba mbele ya watu.

“Bwana Shaali, ulipokaliwa, mbuzi wako alichunga nani?”

“Mpwa wangu.”

“Uji alikunywesha nani?”

“Mke wangu.”

“Na waliojaa chumbani?”

“Majirani.”

“Basi wewe ulijikaza wapi?”

Watu wakacheka. Bwana Shaali akatazama viatu vyake, akaona haya. Lakini Shume hakucheka. “Mize amekaliwa na pepo yuleyule,” akasema. “Ila kwake pana nafasi. Msipokwenda leo, kesho mtakwenda na sanda.”

Wakaenda, tena si mikono mitupu. Huyu na unga, huyu na makuti ya paa, huyu kamshika mganga mkono. Wanawake wakaketi sakafuni na miyaa mibichi, wakamsukia Mize ukili wake. Hakuna aliyemwambia acheke. Zito akaanza kubanwa.

Mize hakuinuka siku hiyo, msiniharakishe. Wala siku ya pili. Mpaka asubuhi moja akatoa mkono chini ya kanga, akamgusa jirani yake.

“Shoga,” akasema, “ukili wako unakwenda upande.”

Weee! Vigelegele vilivyopigwa, ungesema ni harusi. Wakampa ukili akaufumua, akausuka upya polepole, huku Zito akitafuta mlango.

Baada ya mavuno Zito akarudi. Hodi. Mize akafungua. Zito akatazama huku, wanawake wanasuka pamoja, ukili unapita magoti kwa magoti. Akatazama kule, Bwana Shaali anafundishwa kusuka na hawezi. Akachungulia mtungini, umejaa, na Shume ameukalia.

“Karibu, mgeni,” Mize akasema. “Pa kukaa tafuta mwenyewe.”

Zito akasimama, akasimama, miguu ikamuuma, akaondoka. Mpaka leo anazunguka. Tajiri na maskini wote anawapigia hodi, ila penye mtungi mtupu hukaa zaidi. Basi ukimwona mwenzio kakaliwa, usimwambie asimame. Nenda ukamjazie chumba, na mtungi pia.

Hodi yangu nimeipiga, mlango nimeurudishia. Ngano yangu imetoka, aliyebaki ndani afunge komeo.

Na wewe uliyelala huko nyuma tangu mwanzo, kesho asubuhi nitapita kwako, nione kama umelala au umekaliwa. Unga nitakuja nao.