Mjusi Aliyeungwa Jina na Uzio

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa! Haa, hapo sawa. We Mwanakheri, acha kutafuna, usikie.

Hapo zamani za kale, mbali kabisa, nchi ya Wajerumani, aliishi Mjusi. Kwa lugha yao aliitwa Eidechse, mjusi tu, basi. Na desturi ya kule, mnyama hana haki ya kukaa mahali mpaka jina la mahali hapo liungwe na lake. Mjusi hakuwa na mahali, na tumboni ana mayai. Kwa baridi ile, mayai bila jua yatakufa!

Bibi mmoja mjane, Walburga, alikuwa na bustani ya kabichi, na uzio wake ulipigwa na jua kutwa. Akatangaza kwamba atakayelinda kabichi siku tatu ataungwa jina na uzio. Wakaja wawili, Mjusi na Korongo.

Siku ya kwanza wakaja viwavi. Mjusi akala, akala, akala. Korongo kasimama mguu mmoja, anakoroma. Jioni akaenda kwa bibi kusema kazi ni yake. Bibi akaamini, maana Korongo mrefu, anaonekana. Mjusi nani amwone?

Siku ya pili wakaja panzi. Mjusi akala, akala, akala. Korongo akakoroma. Jioni akajisifu tena, akaaminiwa tena. Inauma!

Siku ya tatu viwavi wakarudi na ukoo mzima. Mjusi akapambana nao. Korongo akawaza, huyu akisema ukweli nimeumbuka, bora nimmeze. Akanyata, akanyata, kwap! Mjusi akamwachia mkia, akachomoka, akapenya uzioni. Korongo kwa pupa ya jina akakimbia kwa bibi, mkia bado mdomoni.

“Bibi, nimelinda peke yangu!”

Alipofungua mdomo, mkia ukaanguka mapajani mwa bibi. Furukuta, furukuta!

Bibi akamkazia macho. “Mwenye mkia huu yuko wapi?”

Mjusi akatokeza uzioni, mkia hana, kiwavi kinywani. Akammeza kwanza.

“Nipo, bibi. Kazi sijamaliza.”

Bibi aliona haya, jamani, mpaka machozi. Palepale akaunga: Zaun, yaani uzio, na Eidechse. Zauneidechse! Korongo akatimuliwa kwa ufagio. Na mayai yakaanguliwa juani, yote saba.

Basi wanangu, jasho la mwenzio usilivae. Njia ya mwongo ni fupi, na mdomo wake ndio shahidi wake.

Yangu nimeyatua hapa. Aliyeyapenda abebe, asiyeyapenda aniachie mwenyewe.