Mgeni Aliyepewa Jembe

Mama mmoja alikuwa na ugonjwa wa "karibu". Msicheke, ugonjwa huo upo. Ua wake ulizungushiwa michongoma, na getini walikaa mbwa wawili waliomchukia hata mjumbe wa mtaa. Lakini mbwa wale walikuwa na adabu: wakisikia mama amesema "karibu", wanalala chini.

Siku moja yuko jikoni anakata vitunguu, machozi yanamtoka, akasikia, "Hodi!"

"Karibu!" Hata kichwa hakuinua.

Akaingia mwanamume asiyemjua, kifuko kimefungwa kiunoni. Je, mama alimuuliza, "Wewe nani, na umebeba nini humo?" Thubutu! Alimpa kigoda na chai. Mgeni akanywa, akasema, "Mtu mwema kama wewe, mama, na majirani wanavyokuonea kijicho!" Mama akamwongezea andazi.

Akalala siku ya kwanza, akalala ya pili. Binti wa yule mama, ambaye alikuwa ameshachumbiwa, akamvuta mama yake pembeni. "Mama, huyu mgeni ni wa nani?"

"Mwache, mwanangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akiliona tu, ataaga mwenyewe."

Siku ya tatu akapewa jembe. Ndugu zangu, wengine wakiona jembe hukumbuka ghafla kwamba kwao kuna msiba. Huyu alilipokea kwa mikono miwili! Akalima kuanzia jikoni mpaka getini, akafungua kifuko chake, akapanda. Masika yakanyesha, mimea ikatambaa mpaka juu ya banda, ikaleta kivuli kizuri.

"Ni maharage gani haya?" mama akauliza.

"Ya kigeni, mama."

Mama akafurahi sana. Mahali pa kuwapokelea wakwe pamepatikana.

Wakwe wakaja mvua zilipokwisha, maganda yamekauka juu ya vichwa vyao. Walikuja kupanga siku ya harusi. Mshenga akasimama. "Sisi tumekuja..." Upepo ukavuma. Akajikuna shingo. "Tumekuja ku..." Akajikuna mgongo. Baba mkwe naye akajikuna mahali ambapo mzee wa kanisa hajikuni mbele za watu. Kumbe ni upupu! Wakatoka mbio, mshenga akipiga kelele, "Tumeitwa hapa kudhihakiwa!" Siku ya harusi haikupangwa.

Mama akamvamia mgeni. "Umemharibia mwanangu! Nani alikutuma upande upupu kwangu?"

Mgeni akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe, mama? Jembe ulinipa. Mbegu hukuniuliza."

Wapendwa, hodi si dhambi. Hata mtakatifu hupigiwa hodi. Jana umepita sokoni, mwanakwaya mwenzako hakukusalimia. Hodi! "Yule anakudharau." Ungelisimamisha wazo hilo pale pale mbele ya Kristo, ukaliuliza limebeba nini, pengine ungekuta maskini yule amesahau miwani yake nyumbani. Lakini sisi? Karibu! Tunalinywesha chai, tunalitandikia kitanda, maana linatusifu. Siku ya tatu tunalikabidhi jembe: tunahama benchi, tunanong'ona, tunawaambia watoto wasicheze na watoto wa yule.

Halafu tunamuuliza Mungu nani kapanda upupu nyumbani kwetu. Inaniuma kusema hivi, lakini binti yule alilia mpaka macho yakavimba, na yeye hakumkaribisha mtu yeyote.

Tunafunga, tunaomba, tunatoa sadaka, tumefuga na mbwa getini. Imani inapimwa pia pale jikoni, kabla mdomo haujaitikia.

Na hivi sasa, kwako wewe uliyeketi hapo unatikisa kichwa, namsikia mmoja anapiga hodi: "Laiti fulani angekuwepo leo! Mahubiri haya ni yake kabisa."

Umeshamwambia karibu?