Mzimu wa Chumba cha Nyuma

Huko Tabora palikuwa na nyumba iliyokimbiwa na kila mpangaji kwa sababu ya mzimu wa fundi saa aliyefia humo, na ambaye, walisema, bado alidai chai. Bi Kalunde peke yake ndiye aliyeimudu. Asubuhi moja mwenye nyumba, tajiri Mihayo, akabisha hodi.

"Hama leo. Nabomoa."

"Mimi nitahama, baba. Lakini mzimu umelala chumba cha nyuma, na mimi haunisikii. Kaufukuze mwenyewe."

"Mie niogope mfu?"

Mihayo akaingia. Kitandani kitu kilijifunika shuka jeupe gubigubi, kinakoroma. Akakipiga teke kitanda.

"Toka, zimwi we! Unanuka kaburi!"

Shuka likafunuka. Akaketi mama mkwe wake, mzima wa afya.

Mihayo akaanguka magotini. Kwao, aliyemtukana mkwe alitozwa faini na mkwe mwenyewe, wala hakuruhusiwa kuomba apunguziwe.

"Sema utakacho, mama."

"Nyumba hii. Aikae shoga yangu Kalunde mpaka afe."

"Ni yake, mama."

Bi Kalunde akachungulia mlangoni. "Vipi, baba, mzimu umekubali kuhama?"