Kwa Nini Jiko Haliwashwi Siku ya Kupima Ini

Mwali wetu, wewe mgeni hapa, usidhani leo tumekunyima uji. Sogeeni nyote, niwaeleze kwa nini moto haujawashwa.

Zamani, hapa Itepula, hakuna aliyekwenda hospitali bila homa au maumivu. Tuliamini mwili ukiingiliwa na adui utapiga kelele wenyewe.

Wakati huo kaka yangu Ambakisye, mfyatua matofali, alikwenda kumtolea damu binti yake aliyekuwa anajifungua. Damu yake ikakataliwa, kwani ilikuwa na virusi vya homa ya ini. Binti aliongezewa damu ya mtu mwingine, akajifungua salama. Ambakisye akaambiwa arudi kupimwa ini. Hakurudi.

"Siumwi popote," alimwambia mkewe, Subilaga. "Jana nimefyatua matofali kutwa nzima. Huyo ni mgonjwa?"

Subilaga hakubishana. Asubuhi alimwaga maji juu ya makaa, akakaa mlangoni. "Hapa hakipikwi kitu mpaka ukapimwe."

Ambakisye alinung'unika njia nzima, tumbo tupu. Kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye ini, mdogo kama njugumawe. Ilikuwa saratani.

"Mbona sikuhisi kitu?" aliuliza. "Mwili wangu hauna askari?"

"Wapo, mzee, ndizo chembe nyeupe za damu," daktari alimjibu. "Lakini ini hupitiwa na kila kitu kinachotoka tumboni, kwa hiyo askari wa pale wamezoea kuvumilia, wasije wakapigana na chakula. Saratani hujificha kwenye upole huo. Tena hutoa kemikali za kuwazubaisha: wanaisogelea, hawaigusi. Usingoje wao wakushtue."

Alipofanyiwa upasuaji, mimi na wifi yangu tulikaa kwenye benchi. Daktari akatoka, akasema wameuondoa uvimbe wote na haujasambaa. Subilaga alivua kilemba, akafutia machozi, kisha akacheka mpaka wauguzi wakaja kumtazama.

Na tangu mwaka huo, siku ya kliniki ya ini ikifika, Itepula nzima huamka bila moshi. Wenye virusi hutangulia kupimwa, wala hakuna anayeulizwa kama anaumwa. Ambakisye huwa wa kwanza kwenye foleni, akilalamikia njaa.

Sikia kicheko hicho barabarani. Ni kaka yangu anarudi kliniki, majibu yake ni mazuri. Haya, mwali, koka moto.