Kwa Nini Mto Wambira Hupinda Sokoni

Zamani, kabla nchi hazijachorewa mipaka, Mto Wambira ulinyooka kama kamba iliyovutwa. Kaskazini waliishi watu wa chumvi, kusini watu wa mafuta ya shea, na hawakuwahi kuonana nyuso. Watu wa shea walitandika mikeka ukingoni, wakapanga vibuyu vya mafuta, na ngoma ikilia walijificha vichakani. Watu wa chumvi walivuka, wakaweka chumvi kando ya walichokitaka, wakakibeba. Kilicholala mkekani kilikuwa cha kuuzwa, na aliyechungulia aliaminika kuliua soko.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Lamisi, mkamuaji wa shea, alifika hoi, akamlaza binti yake mchanga mkekani ili apange vibuyu. Ngoma ikalia mapema. Alikimbia na wenzake, akiamini dada yake amembeba mtoto. Kumbe dada alifika kichakani mikono mitupu. Lamisi akataka kurudi. Wenzake wakamshika, wakimsihi asiliue soko mwaka wa njaa.

Walipotoka, mkeka ulikuwa mtupu, na kando yake chumvi imerundikwa kuliko walivyowahi kuona. Lamisi hata hakuigusa. Alikimbilia mto, ambao asubuhi ulivukika kwa miguu, akaukuta umefurika kwa mvua ya mbali. Ng'ambo, mwanamke alikuwa akienda zake na mtoto mgongoni.

"Sikumuuza," Lamisi akapaza sauti. "Nilimlaza tu."

Mwanamke yule, Talata, akageuka, jambo ambalo mtu wa chumvi hakuwahi kulifanya. Akarudi ukingoni akilia.

"Nilidhani njaa imekushinda, dada. Nilitoa chumvi yangu yote."

Wakatazamana, maji katikati. Ndipo mto ukasita. Ukajikunja taratibu, ukazunguka nyuma ya Talata, ukamwacha kwenye ardhi moja na Lamisi. Lamisi alipita juu ya matope, samaki wakirukaruka miguuni, akampokea mwanawe.

Na tangu siku hiyo Wambira hupinda pale, na soko limekaa ndani ya mpindo wake. Wachora mipaka walipokuja walibishana sana kwa nini mto umekosa adabu. Wenyeji wakawaacha wabishane. Siku hizi watu wa nchi mbili huuziana hapo uso kwa uso. Lakini hakuna mama anayemlaza mtoto mkekani, hata awe amechoka vipi, na mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, hugusa kwanza ukingo wa mkeka.

"Hiki unakiuza," huuliza, "au umekilaza tu?"