Mlinzi wa Ngitili

Alikuwako mtu, jina lake Lugembe, mwenye ng'ombe wengi na asiye na jani hata moja la kuwapa. Malisho ya baba yake yalikuwa yameliwa na mgodi. Wachimbaji walikuja, wakafumua ardhi mpaka chini, wakachukua walichokitaka. Walipoondoka walifukia shimo na kutandaza udongo juu yake, kama mtoto anayetandika kitanda haraka kabla mama hajaingia. Kwa macho palipendeza. Ila hapakuota kitu.

Wazee wakakaa, wakaamua pawe ngitili, yaani malisho yanayofungwa kwa uzio wa miiba, mifugo isiguse mpaka nyasi zirudi na wanyama wa porini warudi nazo. Wakamweka Lugembe kuwa mlinzi. Pakipata uhai, ng'ombe wake wangeingia wa kwanza. Pasipopata, pangekuwa uwanja wa kufyatulia matofali, na maneno yangeishia hapo.

Wakati huo ng'ombe wake walikuwa wakilishwa kwa baba mkwe wake, mzee Nkwabi. Ninyi mliooa mnajua maana yake. Kila Lugembe alipokwenda kuwaona, mzee alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kigoda, kisha akamuuliza, "Mkwe, umekuja kuwasalimia ng'ombe wangu?" Lugembe alicheka, kwa sababu baba mkwe hajibiwi.

Basi akalinda. Na bidii yake, ndugu zangu, ilikuwa kubwa kuliko akili yake. Mvua za kwanza zilipochipusha vijani viwili vitatu, kanga walikuja kuchakura, akawafukuza kwa mawe. Sungura alikuja, akamkimbiza mpaka akapoteza kandambili. Mchwa walianza kichuguu, akakivunja kwa jembe. Digidigi waliacha mavi yao usiku, naye asubuhi akayafagia, akajisifu kwa mkewe kwamba mbuga yake haina uchafu. Kobe mmoja Lugembe alimbeba mwenyewe na kumtupa nje ya uzio. Kobe akarudi. Akambeba tena. Walizoeana hata kobe akimwona tu anaingiza kichwa ndani na kungoja kubebwa.

Jioni Lugembe alisimama katikati ya udongo ule mtupu na kulalamika kwamba pori limemkataa. Alimwita hata mchungaji wa kanisa aje kuomba wanyama warejee. Katikati ya sala alifumbua jicho moja, akamrushia njiwa fimbo. Msicheke sana. Mtu yule alikuwa anateseka kweli, na machozi aliyolia siku ile yalikuwa ya kweli.

Wazee walipotangaza kwamba mvua zinazofuata zikipita watakuja kukagua, mzee Nkwabi aliona aibu ya mkwe wake itakuwa aibu yake. Akaja mwenyewe kutazama, bila kupeleka habari. Alipenya kwenye uzio, amevaa koti lake kuukuu la rangi ya udongo, akainama kuchunguza shina la majani. Lugembe akaona mgongo wa kahawia unasogea nyuma ya miiba. Akapaza sauti, "Toka, mnyama we!" na fimbo ikatua matakoni mwa baba mkwe.

Kosa hilo halina hata faini. Wazee wetu hawakuwahi kufikiri kwamba lingetokea.

Lugembe alipiga magoti. Mzee alijisugua taratibu, akaitazama ardhi iliyofagiliwa, akasema, "Mwanangu, umewaita warudi, na kila anayerudi unampiga. Hao unaowangoja watapitia wapi?"

Lugembe alikuwa akiwangoja swala, na kanga aliwaona wezi. Kesho yake kobe alipoingia, Lugembe alikaa kitako, akaibana mikono katikati ya magoti maana ilikuwa inamuwasha, akamwacha apite. Kobe mwenyewe alishangaa.

Mvua ziliponyesha tena, pale digidigi walipoachia mavi majani yalitoka kwa fujo. Pale mchwa walipotoboa, maji yalizama badala ya kutiririka. Mbuga ikawa chafu, yenye mashimo na manyoya na makelele. Wazee walipokuja kukagua walikanyaga mavi kabla hawajavuka uzio. Wakatazamana, wakafuta viatu kwenye nyasi, na nyasi za kufutia zilikuwapo. Hakuna aliyetaja matofali. Ng'ombe wakarudi kwao, na mzee Nkwabi akawasindikiza huku akilalamika njia nzima kwamba anaibiwa.

Nanyi mnaoomba kila Jumapili waliopotea warudi: yule binti aliyeingia humu kanisani wiki jana na mtoto mgongoni, ni nani kati yenu aliyemwambia kiti kile kina mwenyewe?